Namna ya Kuwashirikisha Watu Wenye Usonji Katika Kupanga Vipaumbele vya Utafiti

Ushirikishwaji huanza kabla andiko la mradi halijaandikwa. Mtafiti akishapata fedha, akishachagua swali lake na akishapanga bajeti, kinachobaki kwa mtu mwenye usonji (autism) ni kutia saini fomu ya ridhaa, na hapo hata akialikwa kwenye vikao kumi hatakuwa na jambo la maana la kuamua. Kwa hiyo taasisi, chuo au chama kinachotaka kufanya kazi hii kwa dhati kitenge muda na fedha za hatua ya kuchagua maswali pekee, na kikubali tangu mwanzo kwamba maswali yatakayopatikana huenda yasifanane na yale ambayo wataalamu wake wamezoea kuyatafiti.

Mfano wa Uingereza unafaa kuangaliwa kwa makini. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya fedha za utafiti wa usonji nchini humo zilielekezwa kwenye biolojia, ubongo na utambuzi (namna akili inavyochakata taarifa), ilhali huduma na masuala ya kijamii vilipata sehemu ndogo sana. Baadaye Autistica, shirika la hisani la utafiti wa usonji nchini humo, likaendesha zoezi la kupanga vipaumbele kwa kufuata utaratibu wa James Lind Alliance, ambao huwaweka watu wenye hali fulani, familia zao na wataalamu kwenye meza moja wakiwa na sauti sawa. Orodha ya maswali kumi iliyotolewa mwaka 2016 ilianza na afya ya akili: ni hatua zipi zinazoiboresha kwa watu wenye usonji, na zibadilishwe vipi ziwafae? Yakafuata mawasiliano na lugha, matunzo ya watu wazima, wasiwasi, ajira, na namna mwili unavyopokea sauti, mwanga na mguso. Watu waliulizwa, wakataja maisha yao ya kila siku.

Anzeni na kamati ya uongozi. Hapa ndipo makosa mengi hutokea kwetu, kwa sababu chama cha usonji mara nyingi ni chama cha wazazi, na mama aliyehangaika miaka kumi na mtoto wake huonekana kuwa ndiye msemaji wa kutosha. Ana haki ya kiti, tena kiti kikubwa, lakini kiti hicho ni chake yeye kama mzazi na hakihesabiwi kuwa cha mwanawe. Mama atauliza ni lini mtoto ataanza kuongea. Mtu mzima mwenye usonji anaweza kuuliza kwa nini hurudi nyumbani hoi kila jioni baada ya kushinda kazini akijilazimisha kufanana na wenzake. Maswali yote mawili ni halali, ila la pili halitasikika ikiwa aliyealikwa ni mzazi peke yake. Wekeni basi angalau watu wawili au watatu wazima wenye usonji ndani ya kamati, maana mmoja akiwa peke yake kati ya madaktari na maprofesa hugeuka pambo, na wapeni mamlaka yaleyale ya kuongeza swali na kulikataa. Walipwe posho kama mjumbe mwingine yeyote, si nauli na soda tu.

Hatua inayofuata ni kukusanya maswali. Dodoso la mtandaoni huwafikia wenye simu na vifurushi, kwa hiyo liambatane na mazungumzo ya ana kwa ana katika vitengo vya elimu maalumu, kliniki na majumbani. Andikeni kwa Kiswahili chepesi, sentensi moja wazo moja, na mtume maswali siku kadhaa kabla, kwa kuwa wapo wanaojibu vizuri sana kwa maandishi baada ya kutafakari lakini hushindwa kabisa wakiulizwa ghafla mbele ya watu. Asiyetumia maneno asirukwe. Kadi za picha, kuonyesha kwa kidole kati ya vitu viwili, au mlezi kueleza kinachomfurahisha na kinachomkera mtu huyo, vyote hutoa taarifa. Lakini anayenakili aandike wazi ni kipi kimetoka kwa mhusika mwenyewe na kipi ni tafsiri ya mlezi.

Lugha ya mwaliko nayo ina uzito. Ubishi wa Kiingereza juu ya kutanguliza mtu («person with autism») au kutanguliza usonji («autistic person») haututatizi sana, kwa kuwa «mtu mwenye usonji» limekubalika. Kinachotutatiza ni «mgonjwa wa usonji» na «anayesumbuliwa na usonji», maneno ambayo huamua jibu kabla swali halijaulizwa.

Majibu yakirudi, yatakuja kama malalamiko, simulizi na maombi, si kama maswali ya utafiti. Mzazi ataandika: «Mwanangu halali, na mimi silali.» Kazi ya kamati ni kuligeuza liwe swali linaloweza kutafitiwa bila kuliua: ni mbinu zipi zinazowasaidia watoto wenye usonji kupata usingizi wa kutosha, na zipi zinafaa katika nyumba ambamo watoto kadhaa hulala chumba kimoja? Sehemu ile ya mwisho ndiyo mtaalamu aliye peke yake angeifuta, na ndiyo inayolifanya swali kuwa la kwetu. Hifadhini maneno ya awali pembeni ya kila swali, ili aliyeyatoa aweze kuona yalikokwenda. Kisha linganisheni maswali na mapitio ya tafiti zilizopo. Ambalo limekwisha kujibiwa litolewe kwenye orodha na jibu lake lifikishwe kwa waliouliza.

Katika mchujo wa kwanza kila mshiriki achague maswali kumi, na kura zihesabiwe kwa makundi: watu wenye usonji kivyao, familia kivyao, wataalamu kivyao. Mkizichanganya, kundi lenye watu wengi litayameza mengine.

Kikao cha mwisho huchukua siku nzima, na chumba chenyewe kinaweza kukiharibu. Tafuteni ukumbi usio kando ya stendi wala karibu na jenereta, zimeni taa zinazopepesa, mpige marufuku vipaza sauti kama sauti ya kawaida inatosha, na mtenge chumba tulivu ambacho mtu anaweza kwenda bila kuomba ruhusa. Ratiba itumwe mapema ikiwa na picha ya mlango wa kuingilia. Kwenye meza, kila swali liwe kwenye kadi yake, na washiriki wachache kwa kila kundi wazipange kutoka juu hadi chini wakiongozwa na mwezeshaji asiye na maslahi katika matokeo. Baadaye makundi yachanganywe na kupanga upya. Kadi ina faida ambayo mjadala wa mdomo hauna: asiyependa kuongea anaweza kunyanyua mkono, akaisogeza kadi juu, na wote wakaona.

Ulizeni mapema kuhusu vibali. Tanzania Bara ithibati ya maadili ya utafiti wa afya hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Kenya leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, mbali na kamati ya maadili ya taasisi husika. Lakini kibali hakimalizi suala la imani. Mradi wa Spectrum 10K ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Cambridge ulitangazwa Agosti 2021 ukikusudia kukusanya vinasaba vya watu 10,000 wenye usonji, na Septemba ya mwaka huohuo ukasitishwa kwa muda baada ya watu wenye usonji kuupinga, wakihoji matumizi ya taarifa hizo na namna walivyoshirikishwa.

Orodha ikikamilika, ipelekeni kwa wafadhili na wizara, mkitaja waziwazi nani aliipanga. Wapelekeeni pia washiriki wote, pamoja na maswali yaliyoachwa na sababu za kuachwa. Baada ya mwaka mmoja wapigieni simu watu walewale, mwambieni kila mmoja swali lipi limepata fedha na lipi bado, hata kama jibu ni kwamba hakuna hata moja lililopata.