Somo: Kumchora kakatua wa Australia kwa njia ya Edward Lear

Lear, mchoraji Mwingereza, alikuwa na miaka 18 tu alipoanza, mwaka 1830, kuchora kasuku katika bustani ya wanyama ya London. Wengi wa zama zake walichora ngozi zilizokaushwa. Yeye alimtaka ndege anayepumua. Leo tunamchukua kakatua wake wa waridi, kasuku mwenye shungi kichwani.

Hatua ya 1: Pima. Mhudumu alimshikia Lear ndege, naye Lear akapima bawa, mwili, miguu. Wewe tumia kichwa cha ndege kuwa kipimo: mwili ni vichwa vingapi?

Hatua ya 2: Umbo kwa penseli nyepesi. Vidole viwili mbele, viwili nyuma. Hapo ndipo wengi wenu mnapomgeuza kasuku kuku.

Hatua ya 3: Manyoya. Msiharakishe hapa. Gawa makundi kwanza: shungi, shingo, bega, bawa, mkia. Kisha panga kila kundi kama vigae vya paa, la juu likilalia la chini. Kichwani ni mafupi kama magamba ya samaki, bawani ni marefu na makavu. Kwenye shungi, rangi hukata unyoya kwa upana: nyekundu, njano, nyekundu tena, ncha nyeupe.

Hatua ya 4: Rangi ya maji. Jaribu kwanza pembeni mwa karatasi, kama Lear (yeye pembeni alichora hadi watu waliokuja kumkodolea macho). Weupe ni karatasi yenyewe, usipake. Waridi ya kifuani iwe maji mengi, rangi kidogo.

Maswali ya wanachama

– Mwalimu, sina kasuku. Picha ya simu inatosha?
Video ni bora. Isimamishe anapogeuza shingo, uone manyoya yanavyofunguka.

– Alipakaje rangi nakala zote za kitabu chake cha kasuku kwa mkono?
Mistari ilichapwa. Alichora kwa chaki ya mafuta juu ya jiwe la chokaa. Jiwe likiloweshwa, wino hushika penye mafuta tu. Rangi ndiyo ilipakwa kwa mkono, nakala baada ya nakala. Zikifika 175, mchoro ulifutwa jiweni.

– Kwa hiyo alitajirika?
Wapi! Alipanga kukitoa kitabu kwa sehemu 14, akaishia ya 12 mwaka 1832, picha 42. Wateja walikuwa wazito kulipa. Mnaochora kwa oda mnanielewa.