Mhudumu wa afya, anza na bibi wa mtoto

Wahudumu wenzangu wa vijiji vya Kaliua na Urambo, ukimtembelea mzazi, mwamkie kwanza mama mkwe, ukae naye. Mara nyingi yeye ndiye mwenye neno la mwisho kama mzazi atatoka ndani kabla ya arobaini. Mweleze kwamba kliniki ya siku ya 7 haingoji arobaini, hata mama akijiona mzima. Kisha mtazame pamoja kitovu cha mtoto: kikiwa chekundu au kikitoa usaha, au mtoto akikataa kunyonya, ni zahanati siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mama akitokwa damu nyingi, akipata homa au kichwa kikimuuma sana. Na msimu wa tumbaku, kubaliana na baba mapema kuhusu usafiri. Baiskeli huwa shambani kutwa.