Jinsi ya kuandika maelezo ya seti ya picha za kitabibu bila kurudishiwa mara tatu

Yangu yalirudishwa mara tatu na mhakiki wa hifadhi ya data ya mtandaoni, kwa hiyo habari za kufungua akaunti na kupakia faili sitakusimulia. Hakikisha tu kibali cha kamati ya maadili kinataja wazi kwamba data itatolewa kwa wengine, maana ruhusa ya kufanya utafiti si ruhusa ya kugawa picha. Leseni nayo ichague mapema. Ukishaachia data kwa CC0, leseni ya kuachia haki zote, huna namna ya kuirudisha mfukoni.

Sasa idadi. Hapa ndipo wiki tano zangu zilipoishia. Niliandika "picha 4,212 za eksirei ya kifua", nikaona nimemaliza. Mhakiki akajibu kwa mstari mmoja: "Za watu wangapi?" Nikahesabu, nikatuma. Siku kumi na mbili baadaye: "Na vipimo vingapi?" Kwa nini hakuuliza yote kwa mpigo mmoja, anajua mwenyewe. Ila haki alikuwa nayo. Mtu mmoja hupigwa eksirei mara kadhaa, na kila mara huweza kutoka picha ya mbele na ya ubavu. Ukitaja picha peke yake, anayefunza modeli ya kompyuta atazigawa ovyo, mgonjwa yuleyule aingie kwenye mafunzo na kwenye jaribio, halafu matokeo yapendeze kwa uongo. ChestX-ray14, seti maarufu ya eksirei za kifua, ina picha 112,120 lakini wagonjwa 30,805. Pengo hilo lazima msomaji alione. Sentensi yangu iliyokubaliwa mwishowe ilikuwa hii: "Wagonjwa 1,370, vipimo 2,106, picha 4,212, kila kipimo kina picha mbili."

Kwenye lebo, yaani maandishi yanayosema kila picha inaonyesha ugonjwa gani, "zimethibitishwa na wataalamu" haisemi kitu. Wangapi? Kila mmoja alisoma peke yake? Walipotofautiana, nani aliamua? Kama lebo zilichotwa na kompyuta kwenye ripoti, sema hivyo bila aibu. Za ChestX-ray14 zilipatikana kwa njia hiyo.

Wa MRI mnaofuata BIDS, kanuni ya kupanga data za picha za ubongo, faili ya dataset_description.json inadai jina na toleo la BIDS, basi. Mtego uko kwenye RepetitionTime, muda wa mashine kurudia kupiga: DICOM, muundo wa faili zinazotoka kwenye mashine za hospitali, huiandika kwa milisekunde, BIDS inaitaka kwa sekunde. Mwenzangu aliacha 2000. Kwa hesabu hiyo, mgonjwa wake alilala ndani ya mashine zaidi ya nusu saa kwa kila picha moja ya ubongo.

Mara ya tatu nilirudishwa kwa majivuno. Nilikuwa nimeandika "data haina utambulisho wowote" baada ya programu kufuta majina kwenye vichwa vya DICOM. Picha mbili zilikuwa na jina la mgonjwa limechapwa pembeni, ndani ya picha yenyewe, mahali ambapo programu ile haikuangalia. Wenye ultrasaundi hilo wanalijua vizuri. Fungua picha kwa macho yako, kisha eleza ulichofuta, kwa programu gani, toleo lipi. Picha za kichwa za MRI zinaweza kuunda upya uso wa mtu, hivyo taja kama uliuondoa.

Kabla ya kubofya kitufe cha mwisho, mpe mtu mwingine asome jina la seti. Kwenye hifadhi nyingi, toleo likishapata DOI, namba yake ya kudumu mtandaoni, haliguswi tena. Marekebisho huingia toleo linalofuata. Toleo langu la kwanza linasomeka "Eskirei za Kifua" hadi leo.