SOMO: kumlisha ngamia majani ya miti (Arusha na Moshi piteni hapa)

Wakuu, naona watu wananunua ngamia wawili watatu wa kupandisha watalii halafu wanawalisha kama ng'ombe, nyasi na pumba. Ngamia ni wa majani ya miti bana.

1. Mwachie atembee masaa 6 mpaka 8 kwa siku. Porini anang'ata hapa kidogo, anahama, anang'ata pale, na hiyo ndo kinga yake maana hakuna mti mmoja anaokula mpaka umdhuru. Miba ya mgunga isikutishe, mdomo wake unaiweza.

2. Ukimkatia matawi changanya aina tatu au zaidi, mgunga, mjunju na kadhalika, na utundike usawa wa kichwa chake. Ukitupa chini anakula na mchanga.

3. Lusina (ule mti wa malisho, Leucaena) isizidi theluthi ya chakula chake. Hapa ndo nilipochemsha, kiangazi kile kijani nilichobaki nacho ni lusina tu nikawa namkatia hiyo hiyo wiki hadi wiki, jamaa ananenepa mi nafurahi, mara manyoya ya mkia yanatoka na mate yanachuruzika. Ina sumu inaitwa mimosini. Nilipoacha manyoya yalirudi, ila taratibu mno.

4. Parachichi na oleanda MARUFUKU. Watu wakipogolea miparachichi wanakuletea matawi bure wakidhani wanakusaidia, majani yale yanaharibu kiwele na moyo wa mbuzi, mi siwezi kujaribishia kwa ngamia. Oleanda ndo ile ya maua ya pinki kwenye bustani za mahoteli, kidogo tu inaua.

5. Jiwe la chumvi lisikosekane, anahitaji chumvi nyingi kuliko ng'ombe.

MASWALI

– Mkuu mi nipo Moshi juu, huku ni migomba na migrivea tu, itafaa?
Migrivea haina lishe kaka, na huko kuna baridi na unyevu, upele utamsumbua. Mteremshe tambarare kwenye migunga.

– Akila majani mabichi anywe maji?
Weka tu, atakunywa akitaka. Mvua zikinyesha anaweza kukaa wiki kadhaa hagusi ndoo.

– Wangu anakula mgunga tu, kinyesi kigumu kama kokoto, ni haya majani ndo yanamdhuru?
Kinyesi cha ngamia ni kikavu kiasili dada. Ila mgunga mtupu nao unakwamisha usagaji, mchanganyie. Anacheua?

– Tangu jana sijamuona akicheua.
Basi mpigie daktari wa mifugo sasa hivi, usisubiri kesho.