Jinsi ya kupima kibadilisha joto cha mabamba yaliyochomelewa

Kibadilisha joto hupitisha joto kutoka maji ya moto kwenda ya baridi kupitia mabamba, bila kuyachanganya. Chenye gasketi, yaani mipira ya kuziba kati ya mabamba, unakifungua ukaona uchafu mwenyewe. Kilichochomelewa hakifunguki, kwa hiyo vipimo ndiyo macho yako. Nami sikubali kihukumiwe kwa halijoto ya maji yanayotoka peke yake, kwani hiyo huyumba mtiririko ukishuka kidogo tu.

Subiri mtambo utulie, halijoto zisiwe zinapanda wala kushuka, ndipo usome vyote kwa pamoja: halijoto za kuingia na kutoka, mtiririko wa kila upande, na presha kabla na baada. Kihisi kilichofungwa juu ya bomba kipake grisi ya kupitisha joto, kisha ukifunike kwa sufi ya kuhami. Bila hivyo, kwenye bomba la moto kitasoma pungufu.

Sasa hesabu. Tuseme maji ya moto yanapita kilo 2 kwa sekunde, yanaingia na nyuzi 90, yanatoka na 60: 2 × 4.18 × 30, kama kilowati 251 (4.18 ni kilojuli za kupasha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja). Upande wa baridi ni kilo 3 kwa sekunde, kutoka nyuzi 30 hadi 50: 3 × 4.18 × 20, 251 tena. Hapa nasisitiza sana: pande hizi zikipishana kwa zaidi ya asilimia 5 hivi, simama hapo hapo. Kuna kihisi au mita inayodanganya, na hesabu yoyote inayofuata haitakufaa kitu.

Zikilingana, tafuta wastani wa tofauti ya halijoto. Maji yakienda pande kinyume, ncha moja ina 90 − 50 = 40, ya pili 60 − 30 = 30. Gawanya tofauti ya hizo mbili, 10, kwa logi asilia ya 40/30, unapata 34.8. Mabamba yakiwa na eneo la mita 2 za mraba, 250,800 ÷ (2 × 34.8) ni takriban wati 3,600 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi: huo ndio uwezo wa mabamba kupitisha joto. Iandike namba hiyo daftarini pamoja na mitiririko yake, maana mtiririko ukibadilika nayo hubadilika, na siku zenye mitiririko tofauti hazilinganishiki.

Namba ikishuka huku presha inayopotea ikiongezeka, njia zinaziba. Ikishuka na presha iko palepale, shuku utando mwembamba wa chokaa, au hewa iliyonaswa. Toa hewa kwanza, ni kazi ndogo. Kwa chokaa, zungusha asidi ya sitriki ya uvuguvugu kinyume na mwelekeo wa kawaida. Asidi ya haidrokloriki usiipitishe kabisa kwenye chuma kisichoshika kutu, itakitoboa. Suuza vizuri, rudisha mitiririko ile ile, upime upya.