Chiriku Huficha Ugonjwa: Mtazame Kabla Hajakuona

Wafugaji wa chiriku hapa Tanga mjini, iwe Ngamiani au Chumbageni, husema neno lile lile ndege akifa: jana alikuwa mzima. Hakuwa mzima. Ndege mdogo huwindwa, na porini anayeonyesha unyonge ndiye hukamatwa kwanza. Ukimsogelea hujikaza, hubana manyoya, hata hurukia chakula na kudonoadonoa. Akishindwa kujificha, ugonjwa umeshakomaa.

Kwa hiyo mchunguze asipojua unamtazama. Kila asubuhi, kabla ya kubadilisha maji, simama mlangoni dakika chache. Mgonjwa hututumua manyoya, hufumba macho nusu, hukaa chini kwenye sakafu ya tundu, na mkia wake hupanda na kushuka kila anapovuta pumzi. Huo mkia usiupuuze hata siku moja. Usiku, taa ikizimwa, tega sikio: mlio mdogo wa tik-tik, pamoja na mdomo kuachama, mara nyingi ni utitiri wa njia ya hewa, unaowasumbua sana chiriku wa Gould wenye asili ya Australia.

Chombo cha mbegu nacho hudanganya. Utakiona kimejaa, ukipuliza yanaruka makapi matupu. Tena ndege mgonjwa anaweza kumenya mbegu asimeze. Mimi naamini mizani kuliko macho: ile ndogo ya kupima gramu wanayotumia wapika keki inatosha. Mtie ndege kwenye kifuko chepesi cha kitambaa, mpime mara moja kwa wiki, saa ile ile, uandike. Chiriku milia ana gramu 12 hivi. Akipungua gramu 1 ni sawa na mtu wa kilo 60 kupungua kilo 5. Kama huna mizani, papasa kidari: mfupa ukichomoza na nyama za pembeni zimebonyea, amekonda.

Kinga hapa pwani huanzia kwenye unyevu. Wakati wa masika, uwele na mtama uliowekwa sakafuni huota kuvu, na sumukuvu huharibu ini taratibu bila wewe kujua. Nunua kidogo kidogo, hifadhi kwenye chombo chenye mfuniko. Mbegu zinazonuka uvundo hazitengenezeki kwa kuanikwa, tupa. Majike wanaotaga wape maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa. Wakikosa madini ya chokaa yai hukwama, na jike anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Tundu lisikae jikoni kwenye moshi wa mkaa, wala karibu na banda la kuku, kwa sababu ya mdondo, ugonjwa wa kuku unaoweza kumwambukiza. Ndege mgeni atengwe chumba kingine siku 30, naye ahudumiwe mwisho.

Ukiona dalili, kwanza mpe joto la nyuzi 30 hivi: taa upande mmoja wa tundu, upande wa pili ubaki baridi apate kukimbilia. Maji na mbegu viwe karibu naye. Usimkisie dawa ya kuku. Kipimo cha kuku kinaweza kumuua. Mpigie daktari wa mifugo, umpelekee daftari la uzito na karatasi yenye kinyesi cha siku hiyo. Akifa, mzoga ufungwe kwenye mfuko, uwekwe kwenye ubaridi wa friji bila kugandishwa na mbali na chakula, ufikishwe kwa daktari ndani ya siku moja, ili waliobaki tunduni watibiwe kinachowaumiza.