Kuchanganya spea kwenye injini ya VW Beetle: pima kwanza ndo ufunge

Beetle nyingi zilizobaki barabarani injini zake ni mchanganyiko tayari, bloku ya gari hili, hedi za lile, kabureta sijui ya wapi. Zimetengenezwa Ujerumani, Brazil, Mexico na kwingine mpaka 2003, na spea zake kwa macho zinafanana sana. Ndo balaa linapoanzia, maana spea inaingia vizuri, bolti zinakaza, halafu baada ya muda mfupi injini inakufa. Kwahiyo usikubali fundi akwambie "hii inaingia tu bosi". Kuingia ni kitu kimoja, kufanya kazi ni kingine.

Anza na bloku. Namba iko chini ya stendi ya jenereta, soma herufi za mwanzo: D ni 1200 (yaani cc), F ni 1300 ya hedi za tundu moja la kuingizia hewa na mafuta, H ni 1500, AB ni 1300 ya matundu mawili, AD na AS ni 1600 ya matundu mawili. Ila herufi zinakwambia habari za bloku tu, ndani kunaweza kuwa na kitu tofauti kabisa, chukua vania (kifaa cha kupimia milimita) upime upana wa silinda. 77mm ni 1200 au 1300, 83mm ni 1500, 85.5mm ni 1600. Krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) ya 1200 inasukuma pistoni 64mm, za 1300, 1500 na 1600 zote ni 69mm.

Silinda na pistoni za 1600 zinakaa kwenye bloku na hedi za 1500 bila kuchonga kitu, huo mchanganyiko ni mzuri na mimi naupenda. Usinunue tu pistoni mojamoja toka maduka tofauti, zipime kwenye mzani mdogo, tofauti kati ya nyepesi kuliko zote na nzito kuliko zote isizidi gramu 10. Na angalia studi za hedi, kuna za 10mm zinazokazwa 3.2 kgm (kilo-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) na za 8mm zinazokazwa 2.5 kgm, ukikaza za 8 kwa kipimo cha 10 unavuta nyuzi za bloku, maana bloku yenyewe ni ya magnesiamu, laini.

Sasa pampu ya oili, hapa naomba utulie kabisa, ndo panapoua injini nyingi. Kamshafti (shafti inayofungua valvu na kuzungusha pampu ya oili) za zamani gia yake ni bapa, mara nyingi ina riveti tatu. Kuanzia miaka ya 1971 na 1972 ikaja gia iliyobonyea kama sahani, riveti nne, na hiyo inakaa ndani zaidi kwahiyo pampu yake ni ndefu. Ukiweka pampu fupi kwenye kamshafti ya gia iliyobonyea, ulimi wa pampu unashika kidogo tu au haushiki kabisa, oili haipandi. Ukiweka ndefu kwenye gia bapa inagonga gia. Riveti usiziamini peke yake, angalia umbo la gia lenyewe, alafu kabla hujakaza chochote ingiza pampu kwa mkono, zungusha krenki taratibu mizunguko miwili mitatu, ukisikia inakwama au inakwaruza toa, hiyo siyo yake.

Flaiwili nayo, lile gurudumu zito lenye meno linalozungushwa na stata. Ya volti 6 ina meno 109, ya volti 12 ina meno 130 na ni kubwa zaidi, kwahiyo ukiihamishia kwenye giaboksi ya zamani lazima uchonge ndani ya kengele ya giaboksi kidogo kidogo mpaka isiguse. Stata pia inabadilika, shafti zake hazilingani unene, kuna bushi maalum ya kuunganisha, tafuta hiyo usikereze ya kubahatisha. Halafu flaiwili za mwanzo zinatumia gasketi kwenye mdomo wa krenki, za baadaye zina mfereji wa oringi. Tumia kimoja, ukiweka vyote viwili vipimo vyote vinaharibika.

Ukishabadilisha flaiwili au krenki lazima upime upya mchezo wa krenki kwenda mbele na nyuma, unatakiwa uwe 0.07 mpaka 0.13mm. Weka shimu (pete nyembamba za chuma) mbili tu, oili sili usiweke bado, funga flaiwili, bandika dayo geji (saa ya kupimia mchezo), vuta na sukuma. Tuseme imesoma 0.44, toa 0.10 inabaki 0.34, basi shimu ya tatu ni ya 0.34. Zinauzwa 0.24, 0.30, 0.32, 0.34 na 0.36. Zikae tatu siku zote, usiunganishe nne nyembamba. Baada ya hapo ndo sili, na nati kubwa ya katikati ikazwe 30 kgm, soketi ni ya 36mm.

Upande wa kupoza: kipoza oili (oil cooler) kilichohamishiwa nyuma, kile kilichokuja 1971, kinataka feni yake pana na kava lake. Kava jipya na feni ya zamani nyembamba ni kuikosesha injini upepo, kwenye joto la Dar au Mombasa usijaribu.

Kabureta ya 34 PICT-3 ikikutana na distributa ya 009 isiyo na vakyumu (kibomba kinachobadili muda wa cheche kwa mvuto wa hewa ya injini), ukikanyaga mafuta gari linasita kabla ya kuondoka. Watu wanabadilisha jeti mpaka wanachoka, dawa ni kurudisha distributa yenye vakyumu.

Mwisho nafasi ya valvu weka 0.15mm injini ikiwa baridi, waya za plagi zifuate mpangilio wa silinda 1-4-3-2, kisha toa plagi zote upige stata mpaka taa ya oili izime, ndo urudishe plagi na uwashe.